Mwani Ndani ya Tangi la Samaki: Kosa Lilikuwa Letu

Katika nyumba yetu ya Rwezamenyo, jijini Kigali, kuna tangi la kioo lenye urefu wa mita moja na ujazo wa lita 200. Ndani yake mna mawe yaliyopangwa mfano wa jabali lililobomoka, mchanga kidogo, na samaki wa Ziwa Tanganyika. Wageni waingiapo huketi mbele ya tangi hilo kabla hata salamu hazijakwisha, na swali lao huwa ni lile lile: kwa nini maji yenu ni maangavu namna hii, ilhali ya kwetu hugeuka kijani baada ya wiki chache? Kwa kuwa swali hili tumeulizwa na askari wenzetu wengi, wa jeshi na wa polisi, tumeonelea vema tulijibu mara moja katika ukurasa huu. Itatubidi tuanze na jambo lisilotupa sifa yoyote. Tangi hilo liliwahi kupoteza samaki tisa kati ya kumi na wanne kwa muda wa siku nne, na waliowaua ni sisi wenyewe.

Ilikuwa hivi. Mfanyabiashara aliyetuuzia samaki alituambia tuwalishe mara tatu kwa siku, nasi tukatii kama tulivyozoea kutii. Tangi tuliliweka karibu na dirisha ili jua la asubuhi liwapendezeshe samaki. Wiki ya tatu ukatokea utando wa kahawia juu ya mawe, mwembamba kama vumbi. Wiki ya sita kioo kilikuwa kimeshika ukoga wa kijani, na kabla ya mwezi wa tatu kwisha nyuzi ndefu za mwani zilikuwa zikining'inia kila pembe, mfano wa ndevu za mbuzi. Tuliona aibu. Mtu aliyefundishwa kung'arisha viatu mpaka ajione uso hawezi kuvumilia kitu cha namna hiyo sebuleni kwake.

Basi Jumamosi moja, baada ya umuganda, tukiwa bado tuna ari ya kazi, tuliamua kulimaliza jambo hilo kwa pigo moja. Tulimwaga maji yote. Tulisugua kila jiwe kwa burashi ngumu. Sifongo ya chujio tuliiosha chini ya bomba mpaka ikawa kama mpya, kisha tukajaza tangi papo hapo kwa maji ya bomba yale yale. Jioni ile tangi lilimeta, nasi tukalala tukiwa tumeridhika. Asubuhi ya Jumapili samaki walikuwa wote juu, midomo wazi, wakihema. Mwanetu wa kike, aliyekuwa na umri wa miaka saba, alichukua chaki akaandika mlangoni mwa stoo idadi ya waliobaki: 12. Jumatatu akafuta akaandika 9. Hatukuwa na la kumweleza.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyekulia Uvira na kuvua ziwani ujanani mwake, alikuja kututazama.

"Afande," alisema baada ya kunusa ile sifongo, "umewaua askari wako wa usafi."

Tulimjibu kuwa hatukuua mtu, tulisafisha tu.

"Ndiyo hivyo. Mimi nimekaa ziwani miaka mingi, sijaona mtu akiosha mawe ya ziwa kwa burashi. Mawe yale yana wenyewe."

Maneno hayo tuliyaona kuwa ya kizee tu, mpaka tulipokaa chini tukasoma. Mzee alikuwa amesema kweli tupu. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, vinapooza, hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika maji yaliyokomaa wamo bakteria wanaoishi juu ya mawe, katika mchanga na hasa ndani ya sifongo ya chujio. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Bakteria hawa huchukua kati ya wiki nne na sita kujijenga katika tangi jipya. Sisi tuliwasugua kwa burashi, na waliosalia tukawaosha kwa maji yenye klorini, dawa ambayo hutiwa katika maji ya bomba kwa madhumuni yenyewe ya kuua bakteria. Klorini hiyo hiyo huunguza mashavu ya samaki. Yaani kwa saa tatu za bidii tulivunja kazi ya miezi mitatu, kisha tukawaacha samaki ndani ya maji yasiyo na mlinzi.

Liko jambo moja ambalo mfugaji wa samaki wa Tanganyika, na hali kadhalika mfugaji wa samaki wa baharini, anapaswa kulijua kuliko mfugaji mwingine yeyote. Ukali wa amonia hutegemea kipimo kile ambacho wataalamu hukiita pH. Katika maji ya pH 7, na joto la digrii 25, haifiki hata sehemu moja katika mia ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali. Maji yakifika 8.3 huwa kama sehemu moja katika kumi, na yakifika 9 hupita theluthi. Maji ya Ziwa Tanganyika yako karibu na 9, na ya bahari hukaribia 8.2. Ndiyo sababu kosa ambalo kambare wa bwawani angelivumilia, samaki wetu hawakulivumilia. Isitoshe, Kigali iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na hewa yetu ni nyepesi. Maji ya hapa hubeba oksijeni pungufu, yapata sehemu tano tu za kila sehemu sita ambazo maji ya joto lile lile hubeba huko pwani. Samaki mgonjwa wa mashavu, katika maji yenye hewa haba, hana pa kukimbilia.

Tukaanza upya, na watano waliobaki. Safari hii tuliuliza kwanza ziwa lenyewe linaishije.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini uhai wake wa rangi rangi umo katika ukanda mwembamba wa mawe kando ya pwani, mahali ambapo mwanga hufika. Huko wanaishi zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii moja na sato, karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Dunia ya wafugaji wa samaki ilianza kuwafahamu kwa wingi kutoka Bujumbura, ambako Mbelgiji Pierre Brichard aliendesha biashara ya kuwasafirisha ng'ambo kuanzia miaka ya 1970. Samaki wetu mmoja, Neolamprologus brichardi, amebeba jina lake. Mwingine, aitwaye Tropheus, anayo kazi moja tu tangu kuche hadi kuchwa, nayo ni kukwangua mwani juu ya mawe. Mwani basi umo tele ziwani, tena ndio chakula cha wengi. Hauonekani kwa sababu unaliwa kila siku, na kwa sababu maji yale ya juu yana mbolea kidogo mno ya kuulisha.

Hapo ndipo tulipoelewa kosa letu la asili. Tulikuwa tukipigana na mwani wakati sisi ndio tuliokuwa tukiupelekea posho. Chakula cha mara tatu kwa siku huishia kuwa nitrati na fosfati, navyo ni mbolea sawasawa na ile ya shambani. Ongeza jua la dirishani, na mwani hauna sababu ya kutokuota. Kila ukoga tuliousugua ulirudi baada ya siku tano, kwa kuwa ghala lililoulisha tuliliacha wazi. Kiongozi anayekamata wachukuzi wa magendo kila usiku bila kuuliza mzigo unatoka wapi atatuelewa.

Askari wetu waliokwenda Cabo Delgado, Msumbiji, kuanzia Julai 2021, wameiona bahari kwa karibu, na baadhi yao wamerudi wakituuliza kama inawezekana kufuga matumbawe humu Kigali. Inawezekana, kwa gharama. Sheria ni ile ile ila ni kali zaidi. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya mwili wake wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho wanaomlisha kwa nguvu za mwanga. Maji yake yanahitaji takriban gramu 35 za chumvi maalumu ya bahari kwa kila lita, hivyo tangi kama letu lingekula kilo saba kwa kujaza mara moja tu. Chumvi ya mezani haifai hata kidogo. Maji yanayopungua kwa mvuke hujazwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana chumvi yenyewe haipandi na mvuke. Asiyejua hilo huongeza ya chumvi kila siku, na baada ya mwezi samaki wake wanaogelea katika kachumbari. Fosfati ikizidi kidogo tu, mwani wa nje hulifunika tumbawe na kulisonga. Na kwa kuwa wasomaji wetu ni watu wa sheria, tuseme wazi kwamba matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na hayavuki mpaka bila kibali, hata kikiwa kipande cha mfukoni cha ukumbusho.

Bahari yenyewe imekwisha kutupa funzo la aina hiyo. Mwaka 1998 maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yalipauka na kufa kwa wingi kutoka Kenya hadi Msumbiji. Mwani huota upesi juu ya mifupa ya tumbawe lililokufa, na wanaouzuia ni samaki walao mwani, kama vile pono na kangaja. Walipovuliwa wakaisha, tumbawe changa halipati pa kushika. Kenya ilikwisha kutenga hifadhi za Malindi na Watamu tangu 1968, na huko Zanzibar miamba ya Chumbe ilitengwa rasmi mwaka 1994. Uvuvi umekatazwa humo, na walaji mwani wanaendelea na zamu yao.

Turudi sebuleni. Tangi tuliliondoa dirishani tukalipeleka ukuta wa ndani, na taa yake huwaka saa saba kwa siku, basi. Chakula tunatoa mara moja, kile kinachoweza kuliwa kwa dakika mbili, na Ijumaa hatutoi kabisa. Watoto walituona wakatili. Samaki hawakudhurika, na tumbo la Tropheus, ambaye ni mla majani, huharibika upesi kwa chakula kizito kuliko kwa njaa. Kila Jumapili tunatoa lita 30, yaani dumu moja na nusu, na kurudisha kiasi kile kile. Maji mapya huchotwa siku moja kabla, yakaachwa wazi katika ndoo pana huku yakipigwa hewa kwa pampu ndogo, hata klorini itoke na joto lake lilingane na la tangi. Tunatumia ndoo isiyowahi kutiwa sabuni. Jambo hili linaonekana dogo, lakini tumeshuhudia mwenzetu akipoteza samaki wote kwa ndoo ya kufulia.

Sifongo ya chujio sasa hatuipeleki bombani kamwe. Tunaikamua ndani ya yale maji machafu tuliyoyatoa, mara moja kwa mwezi, na huachwa ikiwa bado ya kahawia, kwa kuwa ile kahawia ndiyo bakteria wenyewe. Mawe hatuyagusi. Kioo cha mbele tu ndicho tunachofuta, na vioo vitatu vilivyobaki tunawaachia wenye njaa.

Msomaji atauliza habari za dawa. Zipo, na nyingi zina madini ya shaba, ambayo huua mwani kweli. Huua vilevile konokono, na katika tangi la bahari huua matumbawe na kila mdudu asiye na uti wa mgongo. Zaidi ya hayo, mwani unaokufa wote kwa siku moja huoza, ukala oksijeni, na mbolea iliyokuwa ndani yake hurudi majini kulisha kizazi kinachofuata. Sisi dawa hatuitumii. Afadhali kuvuta nyuzi kwa mkono na kuzitoa nje, kwani kila konzi ya mwani itokayo ni mbolea iliyotoka.

Kuna pia ule utelezi wa rangi ya bluu na kijani, wenye harufu mbaya, unaotanda mchangani kama blanketi. Huo kwa hakika ni bakteria wa jamii nyingine, na hustawi mahali ambapo maji yamelala na uchafu umetulia. Ulipotutokea tuligeuza mdomo wa pampu ukaelekea kona ile, tukafyonza uchafu kwa mpira, ukatoweka baada ya wiki tatu. Ama ule utando wa kahawia wa mwanzoni, wa tangi jipya, usimtie mtu wasiwasi; huondoka wenyewe. Laiti tungalijua hivyo mapema!

Umeme ukikatika usiku, adui wa kwanza ni ukosefu wa hewa, na wa pili ni baridi, kwa kuwa usiku wa Kigali hushuka hadi digrii 15 au 16 na samaki hawa hutaka 24 hadi 27. Tumeweka pampu ndogo ya hewa ya betri kando ya tangi, na blanketi kuukuu la kulifunikia. Ni vizuri kuzijaribu kabla ya giza, kama vile bunduki inavyokaguliwa kabla ya lindo.

Limebaki jambo la maji tunayomwaga, na hili tunalisema kwa uzito kuliko yote yaliyotangulia. Ile Jumamosi ya kosa letu, maji yote ya tangi, pamoja na majani na konokono waliokuwamo, nusura tuyamwage mtaroni. Mzee yule ndiye aliyetuzuia baadaye tulipotaka kutupa mabaki. Mitaro ya upande wetu huteremka Mpazi, Mpazi humwagia Nyabugogo, Nyabugogo huingia Nyabarongo, na Nyabarongo ndiyo inayokuja kuwa Akagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Viktoria. Kinachotoka sebuleni Rwezamenyo kina njia iliyo wazi mpaka Kisumu na Mwanza.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Magugumaji, yale yenye ua zuri la zambarau, asili yake ni Amerika ya Kusini, nayo yalienezwa duniani kama pambo la vidimbwi vya bustani. Mto Akagera uliyachukua kutoka huku kwetu juu ukayashusha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yalionekana Ziwa Viktoria, na ilipofika 1998 yalikuwa yamefunika hekta zipatazo 20,000, yakiziba bandari na kufungia mitumbwi ndani ya ghuba. Ililazimu kuleta mbawakavu wadogo wanaoyala, tangu katikati ya miaka ya 1990, na hata hivyo hayajaisha mpaka leo. Chini yake, ziwa lenyewe lilikuwa limekwisha kugeuka kijani. Udongo wa mashambani, majivu na maji taka viliongeza fosfati, huku mamia ya aina za samaki wadogo, ambao baadhi yao walikuwa walaji wa mwani, wakitoweka katika miaka ya 1980 baada ya sangara kupandikizwa na kuenea. Mbolea iliongezeka na walaji wakapungua; ni tangi letu lile lile la mwezi wa tatu, isipokuwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 na haliwezi kuondolewa dirishani.

Tanganyika nayo haijasalimika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa pale ambapo vilima vya kando ya ziwa vimekatwa miti, udongo umefunika mawe na aina za viumbe zimepungua. Samaki wanaoishi humu sebuleni mwetu wanatoka katika mawe ya namna hiyo.

Kwa hiyo maji ya Jumapili sasa hayaoni mtaro. Yanakwenda kwenye sukuma na nyanya nyuma ya nyumba, ambako nitrati hugeuka mboga. Mwani tunaouvuta hukaushwa juani mpaka ufe kabisa, kisha hufukiwa. (Anayefuga samaki wa bahari asifanye hivi, maana chumvi itaua bustani.) Samaki wala konokono haachiliwi mtoni kwa huruma, hata awe mzima wa afya, asiyeweza kuendelea kumfuga na ampe mfugaji mwingine.

Wale watano waliosalia ni brichardi. Mwezi wa tisa baada ya msiba tuliona mmoja akifukuza wenzake mbali na ufa wa jiwe. Kisha vikatokea vitoto vya ukubwa wa mbegu ya mtama, na baada ya miezi miwili vitoto vingine. Wale wa kwanza hawakuondoka. Hukaa mbele ya ufa, wakubwa kwa wadogo, wakifukuza konokono na kupepea mayai kwa mapezi yao, na ndivyo wafanyavyo huko ziwani pia, ndugu wa kwanza akilinda wa pili. Askari mmoja mgeni aliwatazama nusu saa nzima, akauliza zamu yao hubadilishwa saa ngapi.

Mawe yamefunikwa na mwani mfupi wa kijani, kama jamvi. Hatuugusi. Mlangoni mwa stoo chaki sasa inasoma 31, ingawa mwanetu anashikilia kwamba kuna wawili nyuma ya jiwe kubwa ambao baba hajawaona.